Mume Wangu na Mwizi wa São Paulo

Watu wote tuliowaaga Toronto walituambia neno moja: huko mnakokwenda wanaua. Mama mmoja wa Kigoa aliyezaliwa Dar es Salaam, tunayesali naye parokia moja Mississauga, alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia nivue pete ya ndoa niiache nyumbani. Binti yetu, ambaye tunamsemesha Kiswahili na yeye anajibu Kiingereza, alituonyesha kwenye simu video za watu wa pikipiki wanaopora mchana kweupe. "Mtakufa huko," alisema, safari hiyo kwa Kiswahili, ndipo nikajua ameogopa kweli.

Mume wangu alicheka. "Mimi nimeshapigwa hapa Malton," alimjibu. "São Paulo watanifanya nini kipya?"

Aliyatoa maneno hayo kama utani, ila mimi nilikuwa najua. Majira ya baridi yaliyotangulia, alikuwa anasubiri basi asubuhi baada ya zamu ya usiku. Anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, upande wa vyumba vya baridi wanakohifadhi samaki na maua. Theluji ilikuwa inaanguka na kituoni hapakuwa na mtu mwingine. Vijana watatu walishuka kwenye gari. Walimtaka simu, akawapa. Walimtaka koti, akalivua akawapa. Kisha wakamwangusha na kumpiga mateke, bila kutaka kitu kingine, wakicheka, mpaka dereva wa basi alipoanza kupiga honi kwa mbali.

Alirudi nyumbani na shati tu. Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama, mdomo umepasuka, damu imeganda kwenye ndevu. "Nimeteleza kwenye barafu," alisema. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, na watu walioanguka nawaona kila mara. Nilipomvua shati niliona alama ya soli ya kiatu ubavuni, mistari yake yote ikisomeka. Nilimkanda kwa maji ya moto, naye akauma taulo asipige kelele.

Hakukubali niite polisi. Siku kadhaa baadaye, tukiwa tunakula, aliweka kijiko chini akanisimulia yote. Mwisho akasema, "Sikunyanyua hata mkono, mke wangu. Nilijikunja pale chini kama mtoto."

"Wangekuua."

"Bora wangeniua nikiwa nimesimama."

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Zamani alikuwa mpole, wa kuimba akiosha vyombo. Sasa alikaa akiutazama mlango. Usiku alilala amekunja ngumi. Siku moja kabati la jikoni lilikataa kufunga, akalipiga mpaka ubao ukapasuka, kisha akasimama anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kwa hiyo mdogo wake alipopiga simu kutukaribisha São Paulo, mimi ndiye niliyesukuma twende. Nilifikiri jua litamtibu.

Huyo shemeji yangu ni kitinda mimba wa kwao. Aliondoka Tanga kijana mbichi, akapitia Angola, akavuka bahari, akatulia São Paulo akiuza nguo kwenye kibanda. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajaonana tangu walipomzika baba yao. Pale uwanja wa ndege walikumbatiana, wakasukumana, wakakumbatiana tena, watu wanawapita na masanduku.

Nisiseme uongo, siku za kwanza niliupenda mji ule. Majengo yamebanana mlima hadi mlima, hayaishi, na juu kabisa, mahali ambapo ndege tu wangefika, kuna maandishi meusi marefu yaliyochorwa na vijana wanaopanda kuta bila kamba. Kila ukuta wa nyumba una waya wa umeme. Helikopta zinapita juu kama nzi. Jioni mvua inamwagika na mitaa ya mteremko inageuka mito, takataka zinakimbia na maji, halafu mvua inakatika na watu wanatoka kunywa kahawa kwenye bilauri ndogo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chakula kilikuwa chetu: wali na maharage, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, unga wa muhogo uliokaangwa. Na maneno pia. Meza wanasema karibu vile vile kama sisi, bendera vile vile, leso wanajua ni nini. Kanisa wanaliita kwa neno linalofanana na gereza. Nilipomwambia mume wangu kwamba watu hawa wanasali gerezani, alicheka mpaka akatoa machozi, nami nikamshukuru Mungu, nikasema moyoni, amerudi.

Lakini pembeni ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine. Chini ya daraja karibu na kwa shemeji, watu walilala wamejifunika mablanketi machafu, na asubuhi moja tulipita tukakuta mmoja amefunikwa uso, askari wawili wamesimama juu yake wanavuta sigara. Siku nyingine tulisikia milio, pa, pa, pa, na mwenye duka la mikate akashusha mlango wa bati nusu, akaendelea kukata jibini. Shemeji alitupa masharti yake kila asubuhi kabla hatujatoka.

"Simu msiitoe barabarani. Mkisikia pikipiki nyuma yenu, ingieni dukani. Wakiwataka kitu, toeni. Shemeji, mkoba usiuvae shingoni, ushike mkononi, ili wakiuvuta uende peke yake."

"Na mtu akitupiga?" mume wangu aliuliza.

"Mwizi hapigi mtu aliyempa."

Mume wangu aliangalia pembeni, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, sokoni kumejaa. Tulikaa kwenye kibanda cha shemeji mpaka mchana, nikimsaidia kukunja suruali, kisha tukatoka watatu kwenda kula. Nilikuwa nimenunua vitambaa na mikono yote ilikuwa na mifuko, hivyo mkoba niliuvaa kwa kuupitisha shingoni. Nililikumbuka sharti na nikalipuuza kwa ajili ya hatua chache tu za kuvuka barabara.

Sikuisikia pikipiki. Niliona tu sanduku la kubebea chakula, lile wanalobeba mgongoni wapeleka chakula majumbani, likinipita. Kisha kamba ya mkoba ikanikaba koo. Niliruka hewani. Niliangukia goti, halafu bega, na bado nilikuwa naenda, naburutwa kwenye lami, sioni kitu ila gurudumu linalozunguka karibu na uso wangu. Niliisikia nyama ya goti ikiachana na mfupa. Nilitaka kupiga kelele, lakini koo lilikuwa limebanwa.

Kamba haikukatika. Pikipiki ndiyo iliyoyumba, ikagonga mkokoteni wa muuza nazi na kulala. Dereva aliinuka akakimbia akichechemea. Yule aliyekuwa nyuma, aliyeushika mkoba wangu, mguu wake ulikuwa chini ya pikipiki. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, labda miaka thelathini. Helmeti ilikuwa imemtoka.

"Ladrão!" mtu alipiga kelele, yaani mwizi, na soko zima likajaa juu yake.

Nimekulia Dar es Salaam, sauti ile naijua katika lugha yoyote. Walitoka kwenye vibanda na vyuma vya kutundikia nguo. Muuza nazi alimpiga kwa ubapa wa panga. Mwanamke mmoja mzee alivua kiatu akampiga nacho mdomoni. Yule mtu alifunika kichwa kwa mikono, akajikunja pale chini, magoti kifuani.

Nilikuwa nimekaa kwenye lami, natema mate ya damu, namtafuta mume wangu aje aninyanyue. Hakuja. Nilimwona akipenya katikati ya watu, mabega mbele. Aliiokota helmeti ya yule mwizi kwa ukanda wake, akaizungusha, akampiga nayo. Mara ya kwanza ilimpata kwenye mkono uliofunika uso. Ya pili mkono ulianguka. Ya tatu niliisikia kutoka nilipokuwa, mlio mkavu, na watu walioizunguka ile fujo wakarudi nyuma kidogo. Hata muuza nazi alishusha panga.

Mume wangu hakuacha. Helmeti ilipomponyoka alipiga magoti kifuani kwa yule mtu akaendelea kwa ngumi. Alikuwa anasema Kiswahili. "Inuka! Inuka basi! Kwa nini huinuki?" Mate yalimtoka. Soko lilikuwa limenyamaza, na sauti iliyobaki ilikuwa ya ngumi zake na ya mdogo wake anayemvuta shati kwa nyuma.

"Kaka, acha! Kaka, unaniua mimi! Unaniua mimi!"

Sikuelewa wakati ule kwa nini alisema hivyo. Shati lilichanika likabaki mikononi mwa shemeji. Mwisho alimkaba kaka yake shingo kwa mkono, akaanguka naye nyuma, wakabiringika wawili barabarani, mkubwa akimpiga mdogo kiwiko cha mdomo bila kujua ni nani.

Hospitalini walinishona goti na kulirudisha bega langu mahali pake. Daktari msichana aliniambia, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba ningeburutwa kidogo tu zaidi ningepoteza sikio. Mume wangu alikuwa amevunjika mkono, mifupa miwili nyuma ya vidole. Alikaa kwenye benchi, kifua wazi, amefunikwa shuka la hospitali, damu ambayo si yake imemkauka mpaka kwenye kope. Shemeji alisimama mbali naye, kitambaa mdomoni.

Mwizi naye aliletwa pale pale. Walimpitisha mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu, kifundo kimefungwa pingu kwenye chuma. Uso haukuwa uso. Jicho moja lilikuwa limezama ndani ya uvimbe, taya imeenda upande. Nimewaosha maiti kazini kwangu, sikuwahi kuona uso kama ule. Alikuwa anakoroma kwa kutafuta hewa.

Nyuma ya kitanda alikuja mama mmoja anakimbia na kandambili moja mguuni, analia jina. Alitazama kitanda, akatutazama sisi. Akauona mkono wa mume wangu wenye plasta mbichi. Alimwendea akampiga kofi, kisha jingine, na mume wangu hakukwepa. Muuguzi alipomshika, yule mama alimgeukia shemeji. Alimtazama juu mpaka chini, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, akaondoka kumfuata mwanawe.

"Amesema nini?" nilimuuliza shemeji.

"Ananijua. Ananunua nguo za wajukuu kwangu." Alitoa kitambaa mdomoni akakitazama. "Amesema, kumbe ni wewe."

Polisi waliandika tu kwamba umati wa sokoni ulimpiga mwizi, na ndege yetu iliondoka siku mbili baadaye. Uwanjani ndugu wale walishikana mikono tu, ya kushoto, kwa sababu ya plasta.

Toronto tulipokelewa kama watu waliofufuka. Habari ilitutangulia, na Jumapili iliyofuata, kwenye sherehe ya kipaimara nyumbani kwa rafiki zetu huko Markham, kila mtu alitaka kusikia. Wanaume walimzunguka mume wangu sebuleni. Nilikuwa jikoni na wanawake, goti linanivuta, napanga sambusa kwenye sinia. Niliisikia sauti yake ikipanda, nikasogea mlangoni.

"Huku polisi wanakupa kikaratasi uende nyumbani. Kule niliamua mwenyewe!" Alichukua helmeti ya baiskeli ya mtoto wa mwenye nyumba, iliyokuwa karibu na mlango, akaonyesha: moja, mbili, tatu, juu ya mto wa kochi. Wanaume walicheka, mmoja akasema huyu ndiye mwanamume wa Tanga. Mwenye nyumba alimwongezea pilau. Uso wa mume wangu ulikuwa unang'aa. Nilitazama ule mto ulivyobonyea, nikarudi jikoni nikatapika kwenye sinki.

Jioni haijaingia nilimwambia twende. Mimi niliendesha, yeye na plasta yake kando yangu. Tulikuwa kwenye barabara kuu, magari yanakimbia pande zote, simu yangu ilipoita kwenye spika za gari. Alikuwa shemeji.

"Shemeji, kaka yupo?"

"Yupo, anakusikia."

Alipumua kwa shida. "Walikuja jana. Wanne. Ndugu zake yule. Wamechoma kibanda. Nguo zote. Nilitaka kuokoa cherehani, wakanishika. Wamenivunja mbavu kwa nondo. Mmoja aliniambia, mwenzako amepanda ndege, wewe utapanda nini?"

Mume wangu alitoa sauti, si neno.

"Yule jamaa jicho limekufa," shemeji aliendelea. "Hawezi kutafuna. Nimesikia mama yake anamlisha uji kwa mrija. Kaka, nilikwambia. Nilikwambia wakitaka kitu toa, basi. Mimi nimeishi hapa miaka yote hii kwa kuinamisha kichwa. Wewe umekuja wiki mbili."

"Walimburuta mke wangu," mume wangu alisema.

"Alikuwa ameshaanguka! Mguu uko chini ya pikipiki! Ulikuwa unampiga nani, kaka? Niambie, ulikuwa unampiga nani?"

Simu ilikatika, au aliikata. Mume wangu aliipiga dashibodi kwa plasta. Aliipiga tena, na tena, plastiki ikapasuka, na mimi nikawa napiga kelele aache huku lori linatupita kwa honi ndefu. Niliwasha taa za dharura nikasogea pembeni. Gari halijasimama vizuri alifungua mlango akatoka. Alikwenda kwenye kile chuma cha pembeni ya barabara akaupiga mkono wake uliovunjika pale, mara nyingi, mpaka plasta ikakatika vipande na vidole vikabaki vinaning'inia. Nilimfikia nikamkumbatia kwa nyuma. Alinitupa kwa bega, nikaanguka kwenye changarawe, mishono ya goti ikafunguka. Aligeuka akaniona chini.

Alisimama pale mdomo wazi. Kisha akakaa kando yangu kwenye changarawe, magari yanatupulizia vumbi, akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia ile asubuhi ya Malton.

"Walikuwa wanacheka," alisema. "Walikuwa wananipiga na wanacheka."

"Najua."

"Nilikuwa nawapiga wale."

"Najua, baba. Lakini hukuwapiga wale."

Mkono ulifanyiwa upasuaji na haukurudi kama zamani. Vidole viwili havikunji. Alikwenda kwa mshauri mmoja, mzee wa Kikongo aliyesomea kutibu majeraha ya moyoni, ambaye alizungumza naye kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, na mwanzoni alirudi anamkasirikia mzee wa watu kuliko alivyowakasirikia vijana wa kituoni. Aliendelea kwenda. Kwenye sherehe sasa watu wakimuuliza habari za São Paulo hutoka nje, na wapo marafiki walioona ameanza maringo. Mimi miezi ile nililala chumba cha binti yetu. Sikuwa nimemchukia. Nilikuwa naogopa mikono yake, nami sikuwahi kuiogopa tangu aliponioa.

Shemeji aliuhama mji. Alikwenda kusini, kwenye mji mwingine wenye baridi, akaanza tena kwa kushona vitambaa vya watu. Alinipigia mimi kila wiki mbili tatu. Hakumtaja kaka yake, na mume wangu akisikia sauti ile alitoka chumbani, anakwenda kusimama kwenye ngazi.

Julai, Jumapili moja mchana, simu iliita nikiwa najiandaa kwenda zamu. Tulisalimiana, akaniuliza hali ya goti. Kisha akasema, "Nipe huyo."

Nilikwenda nayo mpaka kwenye ngazi nikamwekea mume wangu sikioni. Nilidhani watatukanana, nikabaki karibu.

"Mkono unauma?" nilimsikia mdogo akiuliza.

"Kule kwenye vyumba vya baridi unauma."

"Mbavu zangu nazo huku, asubuhi, sipigi chafya."

Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Bado," shemeji alisema. "Ila niambie, ule mchuzi wa kamba wa mama, ulikuwa unaanza na nazi au na nyanya? Nimeupika mara mbili unanikataa."

Mume wangu alikaa kwenye ngazi, simu kwenye mkono mzima, akaanza kumweleza, taratibu, tangu kukwaruza nazi. Nilichukua funguo zangu, nikamwachia simu, nikaenda kazini bila simu siku ile.